Chuma Kidogo, Mahali Pake

Baiskeli inayouzwa madukani Kasulu, mkoani Kigoma, haikuundwa kwa ajili ya Kasulu. Iwe Phoenix ya China au Hero ya India, aliyeichora alikuwa na mtu mmoja akilini, na pengine mkoba wake, kwenye njia tambarare. Huku kwetu milimani inapakiwa gunia la mkaa, mikungu ya ndizi, madumu ya mawese yaliyopanda kutoka ziwani, na njia ikianza kuteremka mwenyewe naye anarukia juu. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili haendi nayo nyumbani. Anaikokota hadi kwa fundi wa kuchomelea ikiwa bado imevikwa nailoni ya kiwandani, na anamwambia neno moja tu: iimarishe.

Hapo ndipo fundi anapojulikana. Wapo wanaosikia neno hilo na kuvuta nondo iliyo karibu. Wapo wengine, wachache, ambao kwanza wanauliza utabeba nini, utapita njia gani, na utaiendesha au utaisukuma. Hao wa pili ndio ninaowaandikia sifa hizi.

Fremu ya baiskeli ni pembetatu, na pembetatu haiyumbi. Kila mtoto wa Kibondo aliyewahi kuunda gari la waya, lile linaloendeshwa kwa usukani mrefu huku dereva akikimbia nyuma yake, analijua jambo hilo kwa vidole vyake. Chesi ya pembe nne peke yake inalala upande kwenye kona ya kwanza. Ukikatiza waya mmoja kutoka pembe hadi pembe, inatulia. Shida ya baiskeli ya mizigo ni kwamba keria haiko ndani ya pembetatu. Inaning'inia nyuma. Mzigo ukizidi kukaa nyuma ya ekseli, mbele kunataka kunyanyuka na nyuma kunataka kuketi, na ugomvi huo unaishia sehemu chache: shingoni, mabomba ya juu na ya chini yanaposhikana chini ya usukani, na katika mabomba membamba ya nyuma, pale yanapobanwa na nati za gurudumu.

Tena chuma hakikatiki kwa siku moja. Kinapindwa kidogo, kinarudi, kinapindwa tena, kila jiwe na kila korongo, hadi kinachoka. Ufa unaanzia kwenye kona kali au kwenye kovu la kuchomelea vibaya, na unatembea taratibu chini ya rangi bila mwenye mali kujua. Nilimtazama fundi mmoja Kasulu akiutafuta. Alipangusa shingo ya fremu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akasubiri, akakausha kabisa, kisha akapaka chaki ya shule juu yake. Akagongagonga kwa mpini wa bisibisi. Baada ya muda kidogo mstari mweusi ukajitokeza kwenye weupe wa chaki, mfupi, umejikunja kuelekea chini: mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanarudi nje. Hakuuchomelea papo hapo. Alichukua drili, akatoboa tundu dogo pale hasa ufa ulipoishia, ili ukose ncha ya kuendelea kuchana. Kuchomelea kulifuata baadaye.

Kisha kiraka. Fundi wa haraka hukata bati mraba na kulizungushia moto pande zote nne. Kazi inang'aa, mteja anaridhika, na baada ya msimu mmoja wa maharage fremu inakatika upya, safari hii kando kabisa ya kiraka, mstari umenyooka utadhani umepigwa rula. Sababu ni kwamba bomba jembamba lilikuwa linapinda kidogo kila mahali. Sasa sehemu moja imekuwa ngumu ghafla, na kupinda kote kumerundikana mpakani. Yule fundi wangu hukata kiraka chake kwa mshazari, kikianza chembamba na kuishia chembamba, ili ugumu uingie polepole na utoke polepole. Tena hachomelei kukatiza bomba kama anaweza kuchomelea kulifuata.

Moto nao una adabu yake. Bomba la baiskeli ni jembamba, ukuta wake hauzidi sana milimita moja, na ukikaza umeme unalitoboa. Fundi huyo anagusa nukta, anaondoka, anagusa upande wa pili, anaacha lipoe. Wazee wa kazi walikuwa wakipenda gesi na shaba, kwa kuwa shaba inayeyuka kabla chuma hakijaungua. Umeme wa gridi ya Taifa ulipofika mwaka 2022 na kupumzisha jenereta za dizeli, mashine za kuchomelea ziliongezeka na subira ikapungua. Maoni yangu hayo. Mafundi vijana watanisamehe.

Mteja, bila shaka, anataka chuma kingi. Nilimsikia mzee mmoja Kibondo akidai nondo ya milimita 16 kila upande wa gurudumu la nyuma. Fundi akamjibu kwa heshima zote: “Nikiweka hiyo, mzee, utakuwa unafanya biashara ya kubeba nondo.” Wakacheka, wakapatana nondo nyembamba mbili kutoka ekseli hadi mwisho wa keria, nyingine mbili kandokando ya uma wa mbele, basi. Pembetatu imefungwa, na keria haining'inii tena.

Akili hii si ya huku kwetu peke yake. Mwaka 1954 Wavietnam walipowazingira Wafaransa kule Dien Bien Phu, chakula na risasi nyingi vilipita misituni kwa baiskeli, nyingi zikiwa Peugeot zilizotoka Ufaransa yenyewe. Waliziongezea mihimili kwenye fremu, wakafunga mti kwenye usukani ili mtu asukume akiwa pembeni, wakaviringisha matambara kwenye matairi, na baiskeli moja ikabeba kilo 200 na zaidi. Ng'ambo ya Burundi na Rwanda, pale Goma, wenzetu walikwenda njia nyingine: wakaunda chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, na mji ukaisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Baiskeli ya Kasulu bado inasubiri sanamu yake.

Kanuni ni ileile hata kwenye gereji za malori. Chesi ya Fuso imeundwa ijisokote kidogo gurudumu moja linapozama shimoni. Ukiikaza kwa mabati yaliyochomelewa kukatiza juu na chini, umeinyang'anya pumzi, nayo itapasukia kwingine. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, mradi wa kilomita 260 hivi kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, inawapunguzia mafundi wa malori kazi ya aina hiyo. Wa baiskeli haiwagusi sana. Mkaa na ndizi havitoki barabara kuu; vinatoka vijijini, kwenye vijia ambavyo lami haitavifikia leo wala kesho. Na pikipiki zilizoingia kwa wingi zinaletwa kwa mafundi haohao, ziongezewe keria na kukazwa mkono wa nyuma, kwa sababu nazo ziliundwa kwa watu wawili na zinabeba nyumba nzima ikihama.

Jambo moja linanikera katika ufundi huu ninaousifu. Wengi wa mafundi hawa wanachomelea kwa miwani ya jua, ile ya kuuzwa mnadani, na usiku wanalala na viazi vilivyokatwa vimewekwa juu ya macho yanayowasha mithili ya yaliyotiwa mchanga. Miwani hiyo inapunguza mwanga tu. Haizuii ipasavyo mionzi ya moto wa umeme inayounguza jicho. Kioo cheusi cha kuchomelea kinauzwa madukani mjini, na bei yake haifikii ya tairi la baiskeli. Wewe ambaye fremu yako imebeba misimu mitatu bila kukatika, siku ukipita kumlipa fundi wako, mpelekee na kioo.