Figo ya kuchapishwa ni nzuri, lakini kizazi je?



Kati yetu imezunguka video ya munganga anayepasua figo. Damu inatoka, anashona, inakauka. Kumbe si figo ya mtu! Wengi mumesema ni ajabu. Na mimi nilishangaa, lakini niko na neno.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Dokta Ahmed Ghazi na wenzake, kule University of Rochester, Marekani, walichukua picha za skana za mgonjwa, wakazigeuza umbo kwenye kompyuta, kisha mashine ikachapisha. Lakini kilichochapishwa si figo, ni kalibu yake, kama ile ya kufyatulia matofali. Ndani walimimina jeli ya polivinili alkoholi, wakaigandisha na kuiyeyusha tena mpaka ikapata ugumu wa nyama. Wakaweka na mishipa ya kupitisha damu ya bandia. Ukikata vibaya, inavuja.

Hapo sina ubishi. Mimi nilijifunzia juu ya mtu. Hospitali naacha jina. Ilikuwa usiku, mama ana siku mbili za uchungu, munganga mkubwa yuko safarini, diploma yangu ina miezi mitatu. Sezariani nilikuwa nimeziona mingi. Kisu nilikuwa nimekishika mara mbili tu, mwalimu akiwa pembeni. Mtoto alilia. Halafu kizazi kikachanika upande, damu ikajaa, na mimi sioni pa kushona. Mama alipona juu ya Mungu na infirmie mmoja mzee aliyeniambia, "Dokta, bana hapa kwanza." Usiku ule ningependa niwe nimeshakosea juu ya jeli.

Njo maana nakosoa. Zile figo zilitengenezwa kwa kuzoeza upasuaji wa uvimbe kwa roboti. Kwetu, munganga asiye spesialisti anapelekwa kijijini na anakuta sezariani, hernia iliyonyongwa, utumbo uliotobolewa na tifoidi. Mwaka 2015, tume ya jarida la The Lancet ilisema watu bilioni 5 hawafikii upasuaji salama wa bei wanayoiweza. Kama kipimo cha hospitali ya wilaya ilitaja kazi tatu: sezariani, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Roboti haimo.

Basi tusiulize tu, "Mashine ile itafika Bunia lini?" Tuulize nani anachagua kiungo cha kuchapisha. Kalibu ya figo ya mgonjwa mmoja ni ya kumuandalia yeye. Lakini kwa kufundisha, kalibu moja ya kizazi inaweza kumiminwa tena na tena kwa promosheni nzima. Inaweza kuchapishwa mbali na kuletwa kwa ndege. Hapa tutafute jeli na frigo isiyozimika ovyo.

Na jeli peke yake haisemi "bana hapa kwanza". Ukiiweka mezani bila yule mzee pembeni, kijana atazoea kukosea vizuri.

Kati yetu kuna wanaojua kuchora kwa kompyuta, na kuna wakunga wa miaka mingi. Mukae meza moja. Muanze na kizazi.