Barua Husomwa Kuanzia Pembeni

Anayetaka kuziona barua kongwe zaidi za Kiswahili zilizosalia hadi leo haendi Kilwa, ingawa ndiko zilikoandikwa. Inambidi aende India. Ziliandikwa Kilwa Kisiwani mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na kwa washirika wao wenyeji. Miongoni mwa walioziandika alikuwamo malkia wa mji, Fatima binti Muhammad. Sasa zimo katika nyaraka za kihistoria za Goa. Sababu yake ni utaratibu wa ofisi: hadi mwaka 1752 Msumbiji ilikuwa chini ya Goa, na karatasi zenye uzito zilifuata wakubwa walipokaa.

Aliyeandika huiachilia barua yake. Anayebaki nayo ni mpokeaji. Kwa hiyo barua za Kilwa zilidumu kwa kuwa waliopokea walikuwa na makabati, makarani na faida ya kutunza kumbukumbu. Zile ambazo watu wa Kilwa walipelekeana wao kwa wao mwaka huohuo zimepotea. Kabla ya kuuliza barua inasema nini, mchambuzi huuliza kwanza ilikuwa kwa nani muda wote huu, na kwa nini hakuitupa.

Wasomaji wengi huruka swali hilo wakaenda moja kwa moja kwenye habari yenyewe. Nadhani hapo ndipo mavuno huwa haba. Habari iliyo katikati ya barua imeandikwa kwa kukusudia: mtu anaomba, anakanusha, anajitetea, anasifu asichokipenda. Lakini anwani, salamu, tarehe, mwandiko, muhuri na orodha ya wanaosalimiwa mwishoni huandikwa kwa mazoea, bila hila. Historia ya mtaa, mji au kijiji huonekana zaidi huko pembeni kuliko katikati.

Salamu na cheo

Barua ya mwambao ya karne ya 19 ilikuwa na mpangilio uliofahamika na kila karani. Ilianza kwa jina la mpokeaji likitanguliwa na sifa za Kiarabu: mheshimiwa, mpendwa, mkarimu, azizi. Zikafuata salamu za dini, kisha neno la kuonyesha kwamba salamu zimekwisha na jambo linaanza. Mwishoni palikuwa na tarehe na jina la aliyeandika. Mtu asiyezoea huona sifa hizo kama mapambo, akazipita.

Mchambuzi huzihesabu. Mfanyabiashara mdogo anapomwandikia liwali, sifa huwa nyingi kuliko anapomwandikia mwenzake wa sokoni. Ukipata barua mbili za mtu mmoja kwa mpokeaji yuleyule, ya kwanza ina sifa tano na ya pili ina mbili, kuna jambo limetokea katikati: deni, ugomvi, au mmoja ameshuka cheo. Huenda barua zenyewe zisitaje chochote.

Karne ya 20 nayo ina alama zake. Barua ya Tanzania inayoanza na "Ndugu" kwa ofisa wa wilaya ina harufu ya miaka ya chama kimoja. Ile yenye "Kumb. Na." upande wa juu na "YAH:" katikati imepita mikononi mwa mtu aliyewahi kukaa ofisini, hata kama chini pametiwa saini na mkulima. Hapo unajua kijiji kilikuwa na mtu wa kuwaandikia wenziwe, nawe unaanza kumtafuta ni nani.

Hati yenyewe

Hati za Kiarabu hazikuundwa kwa sauti za Kiswahili. Makarani wengi waliandika b, p na mb kwa herufi moja, wakaacha pia alama za irabu walipokuwa na haraka. Hivyo umbo lilelile kwenye karatasi linaweza kusomeka bata, pata au mbata. Katika barua ya mfanyabiashara tofauti hiyo si ndogo: mbata ni nazi kavu inayouzwa kwa uzani, na ukiisoma "pata" unaifuta bidhaa nzima katika historia ya bandari.

Dawa yake ni kukusanya barua nyingi za mkono mmoja. Karani akishaandika frasila kumi za kitu fulani mahali ambapo hapana shaka, unajua anavyolichora neno hilo, na unarudi kwenye zile zenye utata. Wenyeji wenyewe waliliona tatizo hili mapema. Mombasa, Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa miongoni mwa walioongeza alama za kutenganisha sauti hizo. Barua yenye alama za aina hiyo inakudokeza pia kuhusu chuo alichosoma mwandishi wake.

Tarehe, mwezi na upepo

Tarehe ndiyo sehemu inayowaangusha wengi. Mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku 11 hivi, kwa hiyo miezi yake huzunguka misimu yote. Rajabu ya mwaka 1290 iliangukia Agosti na Septemba 1873. Rajabu ya mwaka 1310 iliangukia Januari na Februari 1893. Kwa mtu wa bara hiyo ni hesabu ya kalenda tu. Kwa mtu wa pwani ni tofauti ya kusi na kaskazi, yaani majahazi yanaweza kwenda wapi.

Chukua barua inayosema, "jahazi limechelewa." Ikiwa ni ya Rajabu ya 1310, kaskazi inavuma, chombo kilichotoka Unguja kwenda Kilwa kina upepo nyuma yake, na kuchelewa kwake kunahitaji maelezo. Ikiwa ni ya Rajabu ya 1290, chombo hichohicho kingekuwa kinapambana na kusi, na hakuna nahodha ambaye angeshangaa. Tena Rajabu hiyo ilikuja takriban miezi mitatu baada ya Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja. Barua ya biashara ya wakati huo inasomwa kwa jicho jingine, hata ikiwa inazungumzia mtama na kaniki tu.

Kuna mtego mwingine: siku ya Mswahili huanza maghribi. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza jua la Alhamisi likishazama. Anayebadilisha tarehe kwa jedwali bila kulikumbuka hilo hukosea kwa siku moja, na mwezi ukiwa umeandama kwa kuonekana kwa macho mji fulani, hukosea hata kwa mbili. Jina la siku ya wiki, likiwa limeandikwa, ndilo linaloamua.

Barua isiyo na tarehe nayo ina njia zake, na fedha ni mojawapo. Barua ya Tanganyika inayotaja heller haiwezi kutangulia mwaka 1904, ambapo rupia ya Wajerumani ilianza kugawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64. Ikitaja shilingi, tumeshafika wakati wa Waingereza.

Mkono ulioandika

Jina lililo juu ya barua na mkono ulioiandika mara nyingi ni watu wawili. Mfano ulio wazi zaidi unatoka Unguja mwaka 1859, Barghash alipopanga kumpindua nduguye, Sultani Majid. Mambo ya siri yalihitaji barua, na barua zilihitaji mtu wa kuaminiwa. Kazi hiyo ilimwangukia dada yao Salme, msichana wa miaka 15 hivi. Wasichana wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Habari hii aliieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, akijulikana wakati huo kwa jina la Emily Ruete.

Fikiria barua moja ya njama ile ingekuja mezani leo. Juu ingekuwa na jina la mwanamume, habari ingekuwa ya vita, na katalogi ingemwandika Barghash peke yake. Aliyeshika kalamu angetoweka. Ndiyo maana mchambuzi hulinganisha miandiko kabla ya kulinganisha hoja.

Katika familia zetu mwandishi huyo aliyefichika huwa mwalimu wa madrasa, katekista, karani wa mnada wa pamba, au mtoto wa darasa la nne anayeitwa na majirani kila Jumamosi. Kisha mambo hubadilika. Mwaka 1970 ulitangazwa Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika mafurushi ya familia za miaka iliyofuata unaweza kukuta mwandiko mpya: herufi kubwa, mistari inayopanda na kushuka, maneno yameunganishwa. Ni bibi ameshika kalamu mwenyewe. Hakuna takwimu ya kisomo inayolionyesha jambo hilo kwa ukaribu namna hiyo.

Bahasha na orodha ya salamu

Tuchukue barua ya kawaida ya mwaka 1974, ya aina inayopatikana katika masanduku mengi. Stempu yake ni ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, kwani Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuvunjika hadi 1977. Anwani ni S.L.P. ya shule ya msingi au ya misheni: kijiji hakikuwa na sanduku lake, na mwalimu mkuu alikuwa tarishi wa watu wote. Jina la kijiji si lile la barua ya 1972. Katikati ya tarehe hizo, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Ndani ya barua huenda pasiwe na neno hata moja kuhusu kuhamishwa. Bahasha imeshasema.

Kisha nenda mwishoni. "Nisalimie sana shangazi, mama mdogo, mzee wa nyumba ya pili, na watoto wote. Mpe pole baba mkubwa." Hiyo ni sensa ya ukoo, imepangwa kwa heshima. Ipange barua ya kila mwaka chini ya ile iliyotangulia uone nani ameongezeka na nani hasalimiwi tena. Asiyesalimiwa amefariki, amehama, au wamekosana, na kila jibu lina mzee anayelijua.

Ndipo katikati

Baada ya hayo yote, habari yenyewe husomeka vizuri zaidi. Mwaka 1890 Machemba, kiongozi wa Wayao wa nyanda za Makonde, alimjibu kamanda wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, kwa barua ya Kiswahili akikataa kumtii: yeye ni mkubwa katika nchi yake, Mjerumani na awe mkubwa katika yake. Ujasiri huo umenukuliwa mara nyingi. Kinachopitwa ni kwamba kiongozi wa mbali na pwani alikuwa na njia ya kupata mwandishi wa Kiswahili, na alitarajia upande wa pili utakuwa na msomaji. Ni ushahidi wa mahusiano ya bara na bandari za kusini, wala Machemba hakukusudia kuutoa.

Na upande wa pili msomaji alikuwepo. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha Berlin mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, zikiwemo barua, kwa ajili ya wanafunzi wa lugha hiyo. Aliyechagua alichagua zilizowafaa Wajerumani. Biashara na siasa zinasikika kwa sauti kubwa katika makusanyo ya namna hiyo. Mke anayemlaumu mume kwa kutopeleka posho ni adimu. Pengo hilo hujazwa na masanduku ya nyumbani pekee.

Ukiwa na sanduku hilo, usitenganishe barua na bahasha yake, na usivunje mpangilio ulioukuta kabla ya kuupiga picha. Piga kila ukurasa mbele na nyuma. Andika namba kwa penseli pembeni. Epuka selotepu, pini na kufunikwa kwa plastiki ya moto. Wasomee wazee orodha za salamu kabla ya kuwauliza kingine chochote, na omba ruhusa ya waliotajwa ambao bado wako hai.

Anayetafuta historia ya kijiji naye aifuate njia ya mpokeaji. Malalamiko ya mipaka, maombi ya kisima na barua za kumkataa mwenyekiti havitakuwa katika ofisi ya kijiji kilichoyaandika; vitakuwa katika majalada ya wilaya. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya Tanzania ya mwaka 2002 haimruhusu ofisa kuyachoma kwa sababu kabati limejaa. Nenda na namba ya kumbukumbu iliyoandikwa kwenye jibu lililobaki kijijini, maana hiyo ndiyo itakayokufikisha kwenye jalada.