Waya wa Presha Ndani ya Mshipa wa Moyo

Tangu mwaka 1958, dawa ya rangi ilipomwagika pasipo kukusudiwa ndani ya mshipa wa moyo wa mgonjwa mmoja wa tabibu Mason Sones kule Cleveland, Marekani, na picha yake ikatoka bayana, matabibu walizoea kuuhukumu ugonjwa wa kubana kwa mishipa ya moyo kwa jicho, ijapokuwa wawili wakiitazama picha moja aghalabu walihitilafiana. Lakini picha ni kivuli tu, wala haisemi nyama ya moyo inapata damu kiasi gani; na Lance Gould alikwisha kubainisha kwa mbwa, mwaka 1974, ya kwamba moyo uliotulia hupata riziki yake kamili hata mshipa ukizibwa kupita nusu, upungufu ukidhihiri pale tu moyo unapodai damu nyingi.

Hapo ndipo palipo hila ya Nico Pijls, Mholanzi, na mwenziwe Bernard De Bruyne wa Ubelgiji, hila ambayo mimi naistahi mno: walitaka kuujua mkondo, wakapima presha. Maadamu vijishipa vya chini vimetanuliwa kwa adenosini hadi upeo wao, ukinzani wao hauna pa kupungua tena, na mkondo huifuata presha. Basi tabibu hupenyeza mrija kutoka mkononi au pajani hadi mlango wa mshipa wa moyo, akapitisha ndani yake waya wa unene wa milimita 0.36 wenye kipimio karibu na ncha. Kwanza huzilinganisha presha mbili, ya mrija na ya waya, hata ziwe sawa (mwenye pupa akiiruka hatua hii, hesabu yote ni batili). Kisha huuvusha waya ng'ambo ya pale palipobana, dawa ikatiwa, mgonjwa akahisi kifua kumbana kidogo. Ng'ambo ikisoma 70 na mrija, uonyeshao presha ya aota (mshipa mkuu utokao moyoni), ukisoma 100, jawabu ni 0.70: katika mkondo mkubwa kabisa ambao mshipa mzima ungaliweza kuupitisha, sehemu 30 katika 100 zimepotea.

Mwaka 1996 mpaka wa jawabu hilo, wa kuhesabu kwamba mshipa umepungukiwa damu, uliwekwa 0.75, baadaye ukasogezwa hadi 0.80, na ndio uliotumika katika utafiti wa FAME wa mwaka 2009, wenye wagonjwa 1005. Waliotibiwa kwa kipimo hiki walitiwa stenti (vijibomba vya kuushika mshipa wazi) chache zaidi kuliko waliotibiwa kwa picha peke yake, na baada ya mwaka waliofikwa na mauti, shambulio la moyo au haja ya kutibiwa upya walikuwa asilimia 13.2, ilhali wenzao walikuwa 18.3.

Hata hivyo shuruti ya kutanuka i palepale: vijishipa vyenyewe vikiwa vigonjwa, kama ilivyo kwa baadhi ya wenye kisukari, havitanuki ipasavyo, mkondo hauongezeki, na waya husoma namba njema kuliko hali ya mshipa.