Ngumi ya Jikoni

Wengi wakiitazama *The Liberation of Aunt Jemima* (1972) ya Betye Saar, Mmarekani Mweusi, huikimbilia bunduki. Mimi nasema wanapitwa! Ni kisanduku kidogo, kimo kama sentimita 30, na ndani yake yupo yule mama Mweusi wa kwenye pakiti za unga, kashika ufagio huku na bunduki kule. Hebu tuitazame ngumi ya Black Power. Kwenye mabango huinuliwa angani. Hapa Saar kaipachika mbele ya sketi, juu ya picha ya yaya aliyempakata mtoto anayelia. Yaani mapambano yanachipukia jikoni kwenyewe, si barabarani kwa wanaume tu. Ukiiondoa ngumi hiyo, anabaki yaya mwenye bunduki, kichekesho kingine cha kwenye pakiti.