Meza ya Mashujaa katika Casa Zapata

Picha ya ukutani yaweza kupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuutazama mkono wa mchoraji: rangi zake, mistari yake, na jinsi alivyowapanga watu wake. Ya pili ni kuuliza ni nani waliopewa nafasi ukutani, na ni nani aliyewapa. Kwa picha nyingi njia ya kwanza yatosha. Lakini picha inayodai kuisifu jumuiya haiwezi kuikwepa ya pili. Kwa njia hiyo ya pili nataka kuichunguza picha iliyomo katika ukumbi wa chakula wa Casa Zapata, nyumba ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, ambayo kwa lugha yetu twaweza kuiita Karamu ya Mwisho ya Mashujaa wa Kichicano. Wachicano ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko, nao walilishika jina hilo kwa fahari hasa katika harakati za haki za miaka ya 1960.

Mchoraji ni José Antonio Burciaga (1940–1996), mwandishi na mshairi mzaliwa wa El Paso, Texas, aliyeishi katika nyumba hiyo pamoja na mkewe wakiwa walezi wa wanafunzi. Aliichora katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Mfano aliouiga ni dhahiri: ni picha ya Leonardo da Vinci iliyochorwa Milan katika miaka ya 1490, nayo pia katika chumba cha kulia, cha watawa. Lakini Burciaga hakujichagulia mwenyewe watu kumi na watatu wa kuketi mezani. Aliwauliza wanafunzi, pamoja na wanaharakati wa kizazi kilichowatangulia, wamtajie mashujaa wao, kisha akayafuata majibu yao. Basi brashi ilikuwa ya mtu mmoja, bali wageni wa karamu walialikwa na wengi. Na katika picha ya namna hii kualika ndiko kubuni kwenyewe.

Mahali pa Kristo ameketi Che Guevara. Wamo pia Emiliano Zapata, César Chávez, Dolores Huerta, Frida Kahlo, na hata Martin Luther King. Msomaji aweza kuuliza: Mwargentina ameingiaje katikati ya meza ya Wachicano? Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini naona haina nguvu. Mtu huyu alikwenda kupigana hata Kongo mwaka 1965, akajipa huko jina la Kiswahili, Tatu. Waliomtaja hawakuwa wakihesabu nasaba. Walikuwa wakimtaja mtu waliyemwona kuwa wao. Julius Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya ujamaa, alisema vilevile kwamba udugu wetu usikomee katika kabila wala taifa, bali uenee mpaka uwakumbatie wanadamu wote. Na neno hilo la Nyerere si geni huko Stanford: chuoni humo imo nyumba nyingine ya wanafunzi, inayohusu historia na utamaduni wa watu weusi, nayo yaitwa Ujamaa.

Hoja nzito iko kwingine. Jumuiya haijengwi na watu mashuhuri peke yao. Ukimwuliza mtu amtaje shujaa, mara nyingi atakutajia jina lililokwisha kutangazwa na wengine. Hivyo kura yaweza kuishia kuwapa sifa wale ambao tayari wanazo. Ajabu ya uchunguzi wa Burciaga ni kwamba baadhi ya majibu yalikataa kwenda njia hiyo. Walitajwa akina mama, akina baba, mababu na vibarua wa mashamba. Jibu moja liliwataja wote waliokufa, waliosugua sakafu, waliolia na kupigana kwa ajili ya vijana hao. Na mchoraji akayaandika maneno yake juu ya kitambaa cha meza, mbele ya mashujaa.

Hapo ndipo penye uzuri wa picha hii, na hapo hapo ndipo penye upungufu wake. Uzuri ni kwamba kitambaa kimetandikwa chini ya wote: hakuna shujaa anayeketi pale asiyeegemea kazi ya wasiotajwa. Upungufu ni kwamba wenye majina wamepewa nyuso, na wasio na majina wamepewa maandishi tu. Anayesugua sakafu ya ukumbi ule akiinua macho atajisoma, lakini hatajiona. Yaweza kujibiwa kwamba uso mmoja ungemfanya msuguaji mmoja kuwa shujaa mpya na kuwasahau wenzake, hali maneno huwakusanya wote. Jibu hilo lina haki yake. Hata hivyo picha ni kazi ya macho, na kilichoachiwa herufi kimewekwa nyuma ya kilichopewa rangi.

Kwa hiyo naihesabu kazi hii kuwa njema, nayo yatufaa hata sisi katika vyuo vyetu. Wanafunzi watakao kuupamba ukuta kwa sifa za jumuiya yao wasianze na swali la nani mkubwa kati yetu. Waanze na swali gumu zaidi: nani alitupikia, nani alitufulia, nani alilipa karo? Kisha wawape hao nyuso.