Mgeni Husindikizwa: Namna ya Kuipima Fedi

Ukitaka kumpima mhariri wa sauti, usianze na wimbo wenyewe. Vaa hedifoni, fumba macho, sikiliza anavyoingia na anavyotoka. Hapo ndipo ilipo fedi, yaani kuipandisha au kuishusha sauti taratibu mwanzoni, mwishoni au penye kiungo cha vipande viwili. Mgeni husindikizwa hadi njiani. Hatolewi mbio, wala haachwi atafute mlango peke yake.

Sikiliza viungo. Sauti ndani ya kompyuta ni wimbi lililopimwa mara nyingi, kwenye CD mara 44,100 kila sekunde. Ukilikata likiwa juu, spika hurushwa ghafla hadi sifuri, nawe unasikia “tk”. Fundi huweka fedi ya milisekunde 5 hadi 10 kila alipokata, na “tk” inakwisha. Akizidisha, fedi inakula herufi: “karibu” inakuwa “aribu”, “pole” inakuwa “ole”. “Tk” ni alama ya haraka. Herufi iliyoliwa ni alama ya uoga.

Sikiliza mahali. Hili ndilo linalowashinda wengi. Kipindi changu cha kwanza nilimrekodi muuza mboga jirani na soko la Kilombero, hapa Levolosi, akilalamikia bei ya mnafu. Nyuma yake kulikuwa na bodaboda, makonda, na kile kipaza sauti cha dawa ya panya na kunguni. Alipomaliza sentensi nikakata, nikaingia mimi kutoka studio. Soko zima likazimika kama nyumba iliyoishiwa luku. Mama mmoja mtaani akaniuliza, “Mwanangu, mbona yule mwenzetu mmemkatiza?” Hatukumkatiza, alikuwa amemaliza. Ila soko lilikatizwa, naye akaonekana kanyang’anywa neno.

Tangu siku ile narekodi nusu dakika ya mahali penyewe bila mtu kuongea, kisha nailaza chini ya kiungo. Kwa mhariri mzuri, soko hutangulia kidogo kabla ya msemaji, na hubaki kidogo baada yake.

Sikiliza mteremko. Ukichora fedi ya kutoka kwa mstari ulionyooka, wimbi likifika nusu sauti imepungua desibeli 6 tu. Sikio linaona kama imeng’ang’ania juu, kisha ikadondoka. Mwisho wa wimbo hupendeza kwa mkunjo unaoshuka upesi mwanzoni, halafu unatambaa. Vipande viwili tofauti vikipishana kwa mistari iliyonyooka, katikati hutokea shimo la desibeli 3 hivi; dawa yake ni mikunjo ya nguvu sawa, yaani kimoja kishuke na kingine kipande bila jumla ya nguvu kupungua. Vikiwa ni sauti ile ile, mstari ulionyooka unatosha.

Uliza sababu. Zamani za santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo mrefu wa dansi haukuenea upande mmoja. Ulififishwa gitaa likiwa ndiyo kwanza linanoga, ukageuza santuri upate sehemu ya pili. Ile ilikuwa dharura. Leo nafasi ipo tele, kwa hiyo wimbo unaofifia kwa sababu tu prodyuza hakujua pa kuumalizia hauna udhuru.

Sababu njema ipo. Mwaka 1918, London, kipande cha Gustav Holst kiitwacho Neptune kilimalizwa na kwaya ya wanawake iliyofichwa chumba cha pili, mlango ukifungwa taratibu. Kwaya haikomi kuimba. Ni wewe unayekwenda mbali nayo. Ukisikia kiitikio kinafifia nawe unaamini kuwa huko kiliko bado kinaimbwa, hiyo ni fedi ya fundi.

Jaribio la mwisho halihitaji mtaalamu. Msikilizishe jirani. Akiisifia fedi yako, irudie. Akikuuliza kama kweli mnafu umepanda bei, iache kama ilivyo.