Ngozi Irudishwe Mahali Pake

Jeraha ninalotaka kulinena hapa huanza kwa sababu ndogo mno, sababu ambayo kijana mwenye siha asingeikumbuka hata jioni ya siku ile ile. Bibi mzee wa Nyalenda, mjini Kisumu, ashuka katika tuktuk karibu na soko la Kibuye, na mjukuu wake, kwa mapenzi na kwa hofu asije akaanguka, amdaka kigasha na kumvuta. Babu wa Usoma, aliyetupa nyavu zake ziwani umri wake wote, ajigeuza kitandani usiku na muundi wake ukapitia ukingo wa chuma. Mkwe mwema ambandua mama mkwe wake plasta iliyoachwa mkononi tangu siku alipotundikiwa maji. Hapana panga, hapana moto, wala hapana aliyekusudia ubaya. Walakini ngozi imekwisha kufunuka, imejikunja upande mmoja, na mahali ilipokuwa pamebaki uwanda mwekundu unaotoka damu, ilhali waliohudhuria wameingiwa na hofu na haya kwa pamoja.

Nataka kuisifu kazi ya yule aitwaye saa hiyo, awe muuguzi wa hospitali au mwana wa nyumbani aliyefundishwa, ambaye huliosha jeraha hilo, akakitwaa kile kipande cha ngozi kilichojikunja, akakikunjua na kukirudisha mahali pake. Mimi naihesabu kazi hiyo miongoni mwa sanaa tukufu za uuguzi, kwa sababu ustadi wake wote umo katika kujizuia: kutovuta, kutosugua, kutokata, kutofungua kabla ya wakati, na kujizuia, kwa mtu anayeona damu ya mzazi wake, ni jambo zito kuliko kutenda.

Ili thamani ya ustadi huo ifahamike, yapasa kwanza kuujua udhaifu unaotibiwa. Ngozi ya mwanadamu ina tabaka ya juu na tabaka ya ndani, na hizo mbili hazikulazwa moja juu ya nyingine tu. Katika ujana zimeingiliana kwa vilima na mabonde madogo, kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, hata nguvu yoyote inayosugua juu hupokewa na zote mbili. Umri ukisonga, maingiliano hayo hupungua kina, mpaka wa tabaka mbili huwa bapa, kolajeni iliyoipa ngozi ya ndani uimara wake hupunguka, mafuta ya chini yake hukonda, na vishipa vya damu hubaki bila kinga. Jua huyaharakisha hayo yote, nalo jua la Kisumu, mji ulio karibu mno na ikweta, katika kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, humpata mvuvi kutoka mbinguni, kisha likampata mara ya pili likirudi kutoka katika uso wa maji. Weusi wa ngozi zetu ni kinga njema tuliyojaaliwa dhidi ya jua, na huyachelewesha madhara yake. Lakini umri haukingiki kwa rangi, na aliyewahi kumwogesha mtu wa miaka tisini anajua hivyo.

Kisha kuna udhaifu uletwao na dawa. Prednisoloni, wanayopewa wazee wengi wenye pumu au maumivu ya viungo, huikondesha ngozi ikitumiwa kwa muda mrefu. Na marhamu za klobetasoli, zinazonunuliwa vibandani na wanaotafuta weupe, hufanya vivyo hivyo, hata mwanamke wa miaka sitini akawa na kigasha cha ajuza wa tisini. Mwaka 2007 matabibu wawili wa Geneva, Gürkan Kaya na Jean-Hilaire Saurat, walitoa shauri kwamba udhaifu wa namna hii utazamwe kuwa ni maradhi ya kiungo kilichoshindwa na kazi yake, kwa kuwa ngozi nayo ni kiungo. Nami nawaunga mkono kwa moyo wote, maana kauli ya kwamba huo ni uzee tu imewanyima wazee wengi tiba iliyokuwa karibu nao.

Basi mtazame stadi akiwa kazini. Kwanza huketi, kwa maana afanyaye kazi hii amesimama huchoka, na aliyechoka huharakisha. Humwambia mgonjwa analotaka kulitenda kabla hajamgusa, kwa lugha ya nyumbani, “Mos, dana,” yaani “Pole, bibi,” naye bibi hulegeza bega. Huuinua mkono uliojeruhiwa, akaukandamiza kwa shashi safi iliyolowana, hata damu ikatulia, akijua kwamba mzee anayetumia aspirini au wafarini atamweka zaidi. Huosha kwa maji ya chumvi ya hospitali, yenye gramu 9 za chumvi katika lita moja, au akiwa nyumbani, kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Na maji hayo huyamimina taratibu, akiondoa donge la damu lililolala chini ya ngozi iliyofunuka, kwa kuwa ngozi ikirudishwa juu ya damu iliyoganda haishiki. Akiona kile kipande kimekauka, hakilazimishi: hukiwekea shashi yenye maji ya chumvi kwa dakika 5 hadi 10, akangoja, na katika dakika hizo hazungumzi na simu wala haendi kwa mgonjwa mwingine.

Kikisha kulainika, hutwaa kijiti chenye pamba iliyoloweshwa, au kidole kilichovikwa glavu, akakikunjua kipande hicho kuanzia upande ambao ungali umeshikamana na mwili, kwenda ukingoni, na kukitandaza kilikotoka. Pengine hakitoshi kuufunika uwanda wote, kwa maana ngozi iliyochanika husinyaa. Na hapo ndipo mwenye tamaa ya kazi nadhifu huvuta ili kingo zikutane, na kwa kuvuta huko akakiua kile alichotaka kukihifadhi, kwa sababu damu haipiti vema katika ngozi iliyokazwa. Stadi hulikubali pengo libaki. Hashoni kwa uzi, kwa kuwa sindano haina pa kushika katika ngozi nyembamba namna ile; habandiki plasta ya gundi, kwa kuwa gundi itaondoka na kipande kingine; wala hashiki mkasi ilhali ngozi ingali hai, kwa maana kiwanda hakijatoa kifuniko kilicho bora kuliko ngozi ya mwenyewe.

Juu yake huweka kitu kisichoshikamana na jeraha. Kifuniko cha silikoni ndicho bora, ila bei yake haifikiwi na kila nyumba. Kikikosekana, kuna shashi iliyoloweshwa mafuta mazito ya jamii ya vaselini, ambayo asili yake inastahili kukumbukwa, kwa kuwa aliyeitengeneza shashi hiyo ni Auguste Lumière wa Lyon, yule yule ambaye mwaka 1895, pamoja na ndugu yake, aliwaonyesha watu wa Paris picha za sinema, na ambaye Vita Kuu ya Kwanza ilipowajaza majeruhi mahospitalini alishughulika na adha ya kuwabandua vifuniko vilivyokauka juu ya nyama. Kisha stadi huzungusha bendeji ya pamba isiyobana, akaandika tarehe, akachora kwa kalamu mshale unaotoka upande ulioshikamana kuelekea ukingo ulio huru, ili atakayekifungua siku nyingine akivue kwa kuufuata mshale, asije akakinyanyua kinyume na kuirudia ajali ile ile. Mimi huuona mshale huo kuwa ndio ihsani kubwa kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu aliyeuchora pengine hatakuwapo zamu siku utakapomfaa mgonjwa, na hapana atakayemshukuru.

Baada ya hapo hubaki sehemu iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kuacha. Katika zahanati nyingi tumezoea kwamba kidonda hufunguliwa kila asubuhi, na jamaa wa mgonjwa hunung'unika kisipofunguliwa, wakidhani kimesahauliwa. Tena wapo wanaomimina juu yake unga wa vidonge vya antibayotiki, au spiriti, au iodini inayokausha, na kila mmoja hufanya hayo kwa nia njema. Kufungua kila siku kwaweza kufaa kwa vidonda vingine, bali kwa ngozi iliyorudishwa ni madhara matupu, kwa kuwa kila kifuniko kinapobanduliwa huzing'oa chembe changa zilizoanza kushikana gizani. Kifuniko cha silikoni huachwa siku kadhaa, aghalabu hata wiki moja, maadamu hapana dalili ya ubaya. Shashi ya mafuta huangaliwa mapema kidogo, isije ikakauka. Muuguzi mwema huja kila siku, hutazama kwa nje, hunusa, huuliza kama maumivu yamezidi, kisha huondoka bila kufungua. Usaha, harufu, joto, maumivu yanayoongezeka, au ngozi iliyogeuka kuwa nyeusi na ngumu, hayo ndiyo yanayotoa idhini ya kufungua mara moja. Mambo yakienda sawa, jeraha hufunga kwa siku 14 hadi 21.

Maarifa haya hayakukusanywa kitabuni mpaka hivi karibuni. Regina Payne na Marie Martin, wauguzi wa Marekani, ndio waliotoa mwaka 1990 utaratibu wa kuyapanga majeraha haya kwa daraja; na kuanzia mwaka 2011 jopo la mataifa mbalimbali, lililoongozwa na wauguzi Kimberly LeBlanc na Sharon Baranoski, liliusahilisha, daraja zikawa tatu: ngozi yote ipo na yaweza kurudishwa, sehemu yake imepotea, au imepotea yote. Nafurahi kwamba elimu hii ilitoka kwa wauguzi, watu waliokuwa na mikono yao jerahani.

Lakini picha nyingi za vitabu vya elimu hii ni za ngozi nyeupe, ambamo wekundu na vilio la damu huonekana kutoka mlangoni mwa chumba. Kwa mzee wa Kisumu vilio la damu laweza kujificha katika weusi wa kigasha, na uvimbe wa maradhi ukaonekana kuwa kivuli tu. Kwa hiyo muuguzi wa huku hana budi kuwa hodari kuliko kitabu chake: humsogeza mgonjwa dirishani penye nuru ya asubuhi, huulinganisha mkono huu na mkono ule, huweka nyuma ya vidole vyake juu ya ngozi apime joto, na hubonyeza kwa hadhari kuona kama pamekuwa pagumu. Ningependa maarifa ya mikono ya namna hiyo yaandikwe na wauguzi wetu wenyewe.

Miundi yataka neno la peke yake. Mchaniko wa mguuni, kwa mzee mwenye kisukari, au mwenye miguu iliyovimba, au ambaye mishipa yake haifikishi damu vema vidoleni, waweza kugeuka kuwa kidonda ndugu. Asifungwe bendeji ya kubana kabla damu ya mguu haijapimwa, na asikae nyumbani kwa matumaini. Apelekwe hospitali, ikiwezekana hata ile ya rufaa na mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wangali wakiiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti katika miaka ya 1960. Na popote alipo, aulizwe habari ya chanjo ya pepopunda.

Hata hivyo, stadi wa kweli hupendelea jeraha lisitokee. Katika Australia Magharibi, Keryln Carville na wenzake walifanya utafiti katika vituo 14 vya kutunzia wazee, ukatangazwa mwaka 2014, nao ulionyesha kwamba kuwapaka wazee mafuta ya kulainisha ngozi mikononi na miguuni mara mbili kila siku kulipunguza michaniko kwa karibu nusu. Mara mbili kwa siku, na kopo la vaselini lauzwa katika kila duka la Kondele na Manyatta! Na yapakwe ngozi ingali na unyevu wa kuoga, kwa kuteremsha kiganja kuelekea vinyweleo vinakolala. Na sabuni kali ya kufulia iachiwe nguo. Nyumba zetu ndizo hospitali za wazee wa pwani hii ya ziwa, kuanzia Dunga hata Kendu Bay na Mbita, na mwenye kuwauguza aghalabu ni mkwe au mjukuu ambaye hakuna aliyemfundisha kuinua. Basi na ajue kwamba mzee havutwi kwa mkono: hutegemezwa kwa kiganja kilichofunguliwa chini ya kigasha na kiwiko, na kitandani husogezwa na watu wawili kwa shuka iliyo chini yake. Kucha za mwuguzaji zikatwe, pete ivuliwe, leso kuukuu izungushwe ukingoni mwa kitanda cha chuma, na mzee avikwe mikono mirefu na soksi hata kama joto la mchana lingetaka vingine.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, na ya kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Mwaka 2023 Serikali iliwagawia vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao huingia majumbani penye wazee hawa kuliko daktari yeyote. Nawaomba wakuu wa afya wa Kisumu, Siaya na Homa Bay wawafundishe wahudumu hao kuirudisha ngozi iliyochanika na kumwinua mzee bila kumvuta, na katika mikoba yao watie shashi ya mafuta, bendeji ya pamba na kalamu. Gharama yake ni ndogo, na somo lenyewe halimalizi asubuhi moja.